Mgonjwa Asiyeweza Kusema: Usalama wa Wenye Ulemavu wa Mawasiliano Hospitalini

Hospitali ina vipimo vingi. Kuna kipimajoto, kuna kifaa cha kupimia shinikizo la damu, kuna hadubini katika maabara na mitambo ya eksirei. Hata hivyo, kipimo kinachotumika kuliko vyote hakinunuliwi dukani wala hakihitaji umeme: nacho ni maneno ya mgonjwa mwenyewe. Daktari huanza kazi yake kwa kuuliza maumivu yako wapi, yalianza lini, na kama mgonjwa amewahi kudhurika kwa dawa yoyote. Muuguzi apitaye wodini na sinia ya dawa huuliza jina. Mgonjwa aliyechomwa sindano husema kwamba ngozi inamwasha. Aliyefungwa plasta mguuni husema kwamba vidole vimekufa ganzi. Kwa kila neno la namna hiyo huenda kosa moja limezuiliwa, na aghalabu hakuna atambuaye kwamba limezuiliwa.

Sasa na afikiriwe mgonjwa ambaye kipimo hicho hana. Huyu aweza kuwa kiziwi, au mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye misuli ya kinywa chake haimtii. Aweza kuwa mtu mwenye usonji, au mzee aliyepatwa na kiharusi, au hata kijana mwenye afya njema hadi jana, ambaye leo amelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi na mpira wa kupumulia umepitishwa kooni mwake. Wote hao wana ulemavu wa mawasiliano, wa kudumu au wa muda. Idadi yao si ndogo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani walikuwa na upungufu wa kusikia unaohitaji huduma, na hao ni sehemu moja tu ya kundi linalozungumzwa hapa.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mgonjwa huyu hakuficha kitu. Maradhi yake yamefichwa na ukimya, na swali ambalo sayansi ya tiba inapaswa kulijibu ni hili: hospitali ifanye nini ili ukimya huo usimwue?

MKASA WA BICÊTRE, 1861

Wanafunzi wa elimu ya viumbe wanaosoma habari za ubongo hukutana mapema na jina la Paul Broca, daktari mpasuaji wa Ufaransa. Mwaka 1861 Broca alionyesha kwamba uwezo wa kutamka lugha unahusiana na sehemu maalumu ya mbele ya ubongo, na baadaye ikathibitika kwamba kwa watu walio wengi sehemu hiyo iko upande wa kushoto. Ushahidi wake wa kwanza ulitokana na mgonjwa mmoja aliyeitwa Leborgne. Huyu alikuwa amekaa katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, kwa muda wa miaka 21. Kila alipoulizwa jambo alijibu kwa silabi moja, “tan”, akiirudia mara mbili na kuifuatiliza kwa ishara za mkono. Kwa sababu hiyo watu wa hospitali walimwita Tan.

Vitabu vingi huishia hapo na kuendelea na habari za ubongo. Lakini taarifa ya Broca mwenyewe ina sehemu nyingine ambayo haitajwi mara nyingi. Leborgne hakupelekwa kwa Broca kwa ajili ya kutosema kwake. Alipelekwa Aprili 11, 1861, kwa sababu mguu wake wa kulia, uliokwisha kupooza, ulikuwa umeoza kwa uambukizo kuanzia wayo hadi tako. Alikuwa amelala kitandani kwa karibu miaka saba. Kwa vile hakuwa akichafua kitanda, shuka zake zilibadilishwa mara moja tu kwa wiki. Upande uliopooza ulikuwa na hisia hafifu, kwa hiyo huenda maumivu hayakuwa makali. Na hata kama yangekuwa makali, hakuwa na neno la kuyasema. Watumishi walipoutambua ugonjwa, ulikuwa umekwisha kuenea mguu mzima. Leborgne alifariki Aprili 17, akiwa na umri wa miaka 51.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba mtu huyu hakuwa na akili iliyozimika. Broca alipomwuliza amekaa Bicêtre miaka mingapi, alikunjua vidole vya mkono wake wa kushoto mara nne mfululizo, kisha akaonyesha kidole kimoja: tano mara nne, jumlisha moja, ni 21. Jibu lilikuwa sahihi. Aliyeweza kuhesabu miaka yake kwa vidole angeweza pia kuonyesha mahali palipovimba, laiti angekuwapo wa kumwuliza kila siku na kusubiri jibu la mkono.

NJIA YA NENO NA MAHALI INAPOKATIKA

Ili mtu ajibu swali jepesi kama vile “Jina lako nani?”, kazi nyingi hufanyika kwa muda mfupi sana. Mawimbi ya sauti hutikisa kiwambo cha sikio. Sikio la ndani hugeuza mtikisiko huo kuwa ishara za umeme, na ishara hizo husafiri kwa mshipa wa fahamu hadi kwenye ubongo, ambako maneno hutambuliwa na maana yake kufahamika. Kisha jibu hupangwa, na amri hupelekwa kwenye misuli ya kifua, zoloto, ulimi na midomo. Pumzi itokayo mapafuni hupita katikati ya nyuzi za sauti na kuzitetemesha, na kinywa huiumba sauti hiyo kuwa matamshi.

Njia hii ndefu yaweza kukatika mahali popote. Kwa kiziwi hukatika mwanzoni kabisa. Kwa mgonjwa wa kiharusi yaweza kukatika ubongoni: akiumia sehemu aliyoieleza Broca, hufahamu mengi lakini maneno hayamtoki, akiumia sehemu iliyoelezwa na Carl Wernicke wa Ujerumani mwaka 1874, maneno humtoka kwa wingi lakini hayana mpango, na yeye mwenyewe hafahamu vema anayoambiwa. Hali hizi huitwa afasia. Kwa mwenye mtindio wa ubongo, lugha yaweza kuwa kamili kichwani lakini misuli ikashindwa kuitekeleza. Na kwa mgonjwa mwenye mpira wa kupumulia, mpira wenyewe hupita katikati ya nyuzi za sauti, na pumzi hupita ndani ya mpira bila kuzitikisa nyuzi hizo. Hawezi kutoa hata mguno.

Mambo haya hayako mbali na Afrika Mashariki. Utafiti uliofanywa wilayani Hai na jijini Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba baada ya kusawazisha tofauti za umri, watu wapatao 109 kati ya kila 100,000 walipatwa na kiharusi kwa mwaka huko Hai, na wapatao 316 Dar es Salaam. Takriban theluthi moja ya wanaopatwa na kiharusi huingiwa na afasia. Huko Kilifi, Kenya, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba miongoni mwa watoto walionusurika na malaria kali, wako waliobaki na upungufu wa kusema na wa kufahamu lugha. Mtoto wa namna hiyo hurudi tena hospitalini kwa maradhi mengine, na safari hii hawezi kujieleza kama zamani.

HATARI ZENYEWE

Hatari ya kwanza ni ya utambulisho. Jina likiitwa, kiziwi hageuki. Jingine likiitwa, huenda akainuka kwa kuona mwenzake amemtazama. Mgonjwa mwenye afasia aweza kutikisa kichwa kukubali jina lisilo lake. Kutoka hapo dawa ya mtu mmoja huingia katika mwili wa mwingine.

Hatari ya pili ni ya dawa zenyewe. Mtu ambaye mwili wake haupatani na penisilini hulinda maisha yake kwa sentensi moja. Asiyeweza kuitamka sentensi hiyo hutegemea kwamba imeandikwa katika jalada lake, na kwamba aliyeshika sindano amelisoma.

Hatari ya tatu ni ya chakula na maji. Kiharusi kinachoharibu usemi mara nyingi huharibu pia kumeza, kwani misuli ya kazi hizo mbili ni ile ile kwa sehemu kubwa. Chakula huingia katika njia ya hewa, na nimonia hufuata. Mgonjwa mwenye sauti husema, “Kinanikaba.” Asiye na sauti huendelea kulishwa.

Ya nne ni ya vidonda vya kulalia. Mtu mwenye afya hujigeuza usingizini bila kujua. Mgonjwa aliyepooza na asiyeweza kuomba ageuzwe hukandamizwa mahali pamoja, damu ikakosa kupita, na ngozi ikaanza kufa kabla ya muuguzi kuona alama yoyote juu yake.

Hatari ya tano imejificha ndani ya vipimo vya kitaalamu. Mwaka 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow walitoa kipimo cha fahamu ambacho sasa hutumika duniani kote. Kufumbua macho hupewa alama hadi 4, kujibu kwa maneno hadi 5, na kujongea hadi 6. Jumla ya juu ni 15 na ya chini ni 3. Na apimwe sasa kiziwi mwenye fahamu timamu, na mpimaji asiyejua kwamba ni kiziwi. Macho yako wazi, apate 4. Hajibu neno, apate 1. Hatii amri kwa kuwa haisikii, ingawa akifinywa huuondoa mkono wa anayemfinya, apate 5. Jumla ni 10, na kwa hesabu hiyo mtu mzima wa akili huandikwa kuwa ameumia ubongo kwa kiasi cha wastani. Ndiyo maana maelekezo ya sasa ya kipimo hicho yanataka sehemu isiyoweza kupimwa iandikwe kwamba haikupimika, badala ya kupewa alama ya chini.

USHAHIDI WA TAKWIMU

Je, hatari hizi ni za kufikirika tu? Mwaka 2008 watafiti wa Kanada walichapisha uchunguzi uliofanywa katika hospitali 20 za jimbo la Quebec. Walichagua kwa bahati nasibu majalada 2,355 ya wagonjwa watu wazima waliolazwa mwaka 2000 na 2001, wakatafuta humo madhara yaliyotokana na matibabu yenyewe na ambayo yangeweza kuepukwa. Ilionekana kwamba mgonjwa mwenye tatizo la mawasiliano alikuwa katika hatari kubwa mara tatu kuliko mgonjwa asiye na tatizo hilo. Madhara yaliyo mengi yalitokana na dawa na na uangalizi usiotosha.

Msomaji hana budi kuzingatia kwamba hospitali hizo zilikuwa za nchi tajiri, zenye watumishi na vifaa vingi. Kwa hiyo fedha peke yake haitoshi kuiondoa hatari hii. Kinachotakiwa ni utaratibu.

FUNZO LA IFAKARA

Namna utaratibu unavyookoa maisha ilionyeshwa waziwazi na kazi ambayo Tanzania ilishiriki. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Shirika la Afya Ulimwenguni lilijaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji yenye mambo 19 katika hospitali nane za miji minane ya dunia. Moja ya hospitali hizo ilikuwa ya Mtakatifu Fransisi, Ifakara. Wagonjwa 3,733 walifuatiliwa kabla ya orodha kuanza kutumika, na 3,955 baada yake. Vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi moja iliyosomwa kwa sauti ilifanya kazi hiyo.

Uchunguzi ule haukuhusu wenye ulemavu wa mawasiliano. Lakini swali la kwanza la orodha, kabla ya mgonjwa kupewa nusukaputi, ni kama mgonjwa amethibitisha yeye ni nani, atapasuliwa wapi, kwa upasuaji gani, na kama ameridhia. Yaani mlango wa kwanza wa usalama hufunguliwa kwa kauli ya mgonjwa. Mwongozo wa orodha hiyo unaeleza kwamba pale mgonjwa asipoweza, mlezi au jamaa athibitishe kwa niaba yake. Basi lazima awepo mtu wa namna hiyo, naye afahamike kabla ya siku ya upasuaji. Na kabla ya kumgeukia yeye, mgonjwa mwenyewe apewe kwanza njia nyingine ya kujibu.

NJIA NYINGINE YA KUSEMA

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni ya ndiyo na hapana. Mgonjwa na muuguzi hupatana ishara mbili zilizo mbali kabisa, mathalani kufumba macho kwa ndiyo na kutazama juu kwa hapana, na ishara hizo huandikwa ukutani juu ya kitanda ili watumishi wa zamu zote wazijue. Hata hivyo ishara zapaswa kujaribiwa kwanza. Wagonjwa wengi hukubali kila kitu kwa adabu au kwa uchovu. Kwa hiyo huulizwa jambo ambalo jibu lake linajulikana kuwa hapana, kama vile kumwuliza mwanamume kama yeye ni mwanamke. Akikubali, jibu lake la awali kuhusu dawa lisitegemewe bado.

Njia ya pili ni ubao wa mawasiliano. Kwa asiyejua kusoma huchorwa picha: kikombe, choo, kitanda, umbo la mwili ambalo mgonjwa huonyesha mahali panapouma. Kwa ajuaye kusoma huandikwa herufi. Hapa hesabu ya darasani yaingia kazini. Alfabeti ya Kiswahili ina herufi 24, CH ikihesabiwa kuwa moja. Ikiwa muuguzi atazitaja moja moja toka A mpaka mgonjwa afumbe macho, neno “maji” litahitaji kutaja mara 33, kwani M ni ya 13, A ya kwanza, J ya 10 na I ya 9. Herufi zikipangwa kwa mistari minne ya herufi sita sita, muuguzi akitaja mstari kwanza na herufi baadaye, neno hilo hilo litahitaji mara 17 tu. Na kwa picha ya kikombe, mara moja inatosha. Kwa mtu mwenye kiu na mchovu, tofauti hiyo si ndogo.

Kwa mtoto asiyeweza kusema, maumivu hupimwa kwa macho. Kipimo kilichotolewa Marekani mwaka 1997 huangalia mambo matano: uso, miguu, mjongeo wa mwili, kilio na kutulizika. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2, na jumla ni 10. Baadaye kipimo hicho kilirekebishwa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, wazazi wakaruhusiwa kuongeza dalili za mtoto wao; kwani mama hujua kwamba mwanawe, akiumwa, hunyamaza badala ya kulia.

Yako pia mambo madogo yasiyogharimu chochote. Sindano ya dripu isitiwe katika mkono ambao mgonjwa huutumia kuandika au kuongea kwa lugha ya alama. Miwani na kifaa cha kusikilizia vibaki karibu naye, visifungiwe kabatini. Asomaye midomo asisemeshwe na mtu aliyefunika uso kwa barakoa, jambo lililowatesa viziwi wengi tangu mwaka 2020. Kama barakoa haiwezi kuvuliwa, maneno yaandikwe. Na asiye na sauti apewe kengele ya mkono au hata kopo lenye mawe, mahali anapoweza kulifikia.

NAFASI YA JAMAA

Katika nchi zetu mgonjwa ni nadra kulala peke yake. Dada, mke au shangazi hukaa kando ya kitanda. Hii ni hazina, kwa sababu jamaa hufahamu ishara ambazo mgeni hazitambui. Lakini ina mipaka. Jamaa huondoka saa za kuonana na wagonjwa zinapokwisha, na usiku huja na ukimya wake. Pengine jamaa hujibu lile analodhani badala ya lile ambalo mgonjwa amekusudia. Na yako mambo ambayo mtu mzima hapendi yapite kinywani mwa mtoto wake. Ndiyo sababu ujuzi wa jamaa hauna budi kuandikwa katika karatasi moja mbele ya jalada: namna anavyosema ndiyo, namna anavyoonyesha maumivu, dawa inayomdhuru, namna ya kumlisha.

Sheria nazo zimekwisha kusema. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unahesabu lugha za alama na njia nyingine mbadala kuwa mawasiliano kamili. Kenya iliuridhia mwaka 2008, na Katiba yake ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya alama, Breli au njia nyingine zinazofaa. Tanzania iliuridhia mwaka 2009 na kutunga sheria yake ya watu wenye ulemavu mwaka 2010. Lakini sheria haiwezi kushika kalamu usiku wa manane wodini. Kazi hiyo ni ya muuguzi, naye huhitaji ubao ulio tayari.

ZOEZI LA SHULENI

Walimu wa hisabati, elimu ya viumbe na sanaa wanaweza kuishirikisha shule katika kazi hii. Wanafunzi wachukue ukurasa mmoja wa gazeti la Kiswahili na kuhesabu kila herufi imetokea mara ngapi. Wataona kwamba A inazidi nyingine zote. Kisha wapange ubao wa mistari minne, herufi zinazotumika zaidi zikitangulia, na kuulinganisha na ubao wa kawaida kwa maneno 20 ambayo mgonjwa huyahitaji: maji, baridi, choo, mama, maumivu, na kadhalika. Ubao utakaohitaji kutaja mara chache zaidi ndio bora. Wenzao wachore picha kwa upande wa pili, na waionyeshe kwanza kwa mtu ambaye hakuichora, ili ijulikane kama inasomeka.

Karatasi hiyo ikibandikwa juu ya kipande cha boksi na kufunikwa kwa nailoni ili iweze kufutwa kwa dawa ya kuua vijidudu, yaweza kupelekwa katika zahanati iliyo karibu. Mganga wa zahanati ataeleza ni picha gani zimesahauliwa, na toleo la pili litakuwa bora kuliko la kwanza.